Kicheko cha Mjane Mtoni

Barua iliyoletwa kwa gazeti hili na mama mmoja wa Mwala, Kaunti ya Machakos, inauliza swali ambalo wengi hulibeba moyoni bila kulitamka: je, mtu aliyemzika mumewe, ambaye mahindi yake yamekauka misimu miwili mfululizo na ambaye mwanawe anahangaika Nairobi bila kazi, ana haki ya kufurahi, na kama anayo, mbona furaha hiyo haikai? Mama huyo anaeleza kwamba siku moja alicheka na wenzake wa kikundi walipokuwa wakibeba mawe ya kujengea bwawa la mchanga mtoni, kisha akarudi nyumbani akalia usiku kucha, akihisi kwamba kicheko kile kilikuwa usaliti kwa marehemu. Tangu siku hiyo amejitenga na kikundi.

Barua hiyo haistahili jibu la kumtaka avumilie, wala la kumtaka ashukuru kwa kuwa wapo wenye shida kubwa zaidi. Ushauri wa namna hiyo, hata unapotolewa kwa nia njema, humtwika mfiwa mzigo wa pili, yaani aibu ya kuwa na huzuni.

Lugha yenyewe husaidia kutenganisha mambo mawili ambayo barua imeyachanganya. Raha, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na mapumziko, ni hali ya kutosumbuliwa, nayo huondoka mara sumbuko linapobisha hodi. Faraja, ambayo nayo ina asili hiyohiyo, ni nafuu inayomjia mtu akiwa tayari amefikwa na dhiki. Anayeisubiri furaha ya kudumu kwa kungojea raha ya kudumu atangoja hadi kaburini, hasa kwao Ukambani, ambako njaa zimekuwa nyingi kiasi cha kupewa majina: ile ya 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, na nyingine ya miaka ya 1980 ikaitwa Nikw'a Ngwete, maana yake ninakufa huku nimeshika, kwa kuwa fedha zilikuwepo mkononi lakini chakula cha kununua hakikuonekana. Kizazi kilichotunga jina hilo hakikuacha kuoa, kuimba wala kutaniana.

Kazi aliyoikimbia mama huyu inastahili kutazamwa kwa karibu. Bwawa la mchanga ni ukuta wa zege au mawe unaojengwa juu ya mwamba, kukatiza mto wa msimu, ili mafuriko ya misimu kadhaa yajaze mchanga nyuma yake; katikati ya chembe za mchanga huo hujificha maji yanayoweza kufikia asilimia 40 ya ujazo wote, na jua haliyafikii kwa urahisi. Kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa na Joshua Mukusya mwaka 1978, kiliieneza kazi hiyo kwa nguvu ya mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya majirani kukusanyika na kufanya kwa pamoja kazi inayomshinda mtu mmoja. Mwezi wa Septemba apitaye kwa haraka huona mto mkavu tu, lakini mwanamke anayejua mahali pa kuchimba hupiga magoti, huchota mchanga kwa kata hadi kiwiko kizame, kisha hungoja, na maji hujikusanya taratibu, machafu kwanza, halafu safi; ndivyo faraja nayo inavyomjia mfiwa.

Barua inataja, kwa mstari mmoja uliopitwa haraka, kwamba marehemu mwenyewe alichanganya zege la ukuta wa kwanza katika mto huohuo. Mstari huo ndio uzito wa barua nzima. Kicheko kilichomtoka mjane akiwa na jiwe kichwani, kati ya watu waliomsaidia kuzika, kilitoka mahali ambapo mumewe aliweka mikono yake, na ni vigumu kuona ni nani aliyesalitiwa hapo. Huzuni ya usiku ule nayo haikukibatilisha, kwa sababu moyo wa mfiwa hubeba vyote viwili kwa siku moja, na kulia baada ya kucheka si unafiki.

Hata hivyo, ikiwa usingizi na hamu ya kula vimepotea kwa majuma kadhaa, au mawazo ya kujidhuru yanamjia, jambo hilo huenda likawa sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, na linahitaji mhudumu wa afya bila kuchelewa. Gazeti halitoshi, wala kikundi hakitoshi.

Kwa yaliyosalia, mama huyu hahitaji kusubiri hadi ajisikie mwenye furaha ndipo arudi mtoni. Inafaa atangulie kwenda, hata akiwa kimya, hata akibeba mawe madogo, na siku kicheko kikimtoka akiache kitoke. Daftari la mahudhurio la kikundi, ambalo anasema alilirudisha kwa mwenyekiti mwezi wa Machi, linaweza kuombwa tena kabla ya mvua za Oktoba, wakati ambapo ukuta mpya utakuwa na kazi nyingi na majina mengi ya kuandikwa.