Mtoto Kalala, Macho Yote Kwake: Usingizi na Tiba ya Mionzi

Hebu jaribuni hili bwenini. Mmoja alale chali sakafuni, mwingine ashike saa. Aliyelala asigeuze kichwa, asijikune, asicheke, kwa dakika 15. Wengi wenu mtashindwa mapema, na ninyi mna miaka 16 au 17! Sasa mtoto wa miaka mitatu je?

Mionzi ya kutibu saratani (wengi tunaiita kansa) haiumi inapopigwa. Ni kama kupiga picha ya eksirei, ila ina nguvu zaidi. Basi kwa nini mtoto apewe dawa ya usingizi? Ni ili atulie. Mionzi inalengwa mahali penye uvimbe kwa vipimo vya milimita, na mtoto akigeuka kidogo tu inaweza kuangukia sehemu nzima ya ubongo au jicho. Mama naye hawezi kumshika kama anavyofanya siku ya chanjo, kwa sababu watu wote hutoka nje na mlango hufungwa. Mtoto hubaki peke yake nyuma ya kuta nene za zege.

Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo ilikuwa peke yake nchini kwa tiba hii, kisha Bugando ya Mwanza nayo ikaanza. Familia ya Iringa inayokwenda Dar husafiri karibu kilomita 500, ya Mbeya zaidi ya 800. Na siyo safari ya siku moja. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, na kwa uvimbe wa ubongo inaweza kufika mara 30. Piga hesabu: wiki sita. Mtoto mdogo anaweza kulazwa usingizi mara zote hizo, na kila mara tumbo lake liwe tupu.

Hapa ndipo wewe, kaka au dada uliyemsindikiza, una kazi. Ukipaliwa na maji unakohoa, sivyo? Huo ni ulinzi wa koo. Dawa ya usingizi huulegeza ulinzi huo. Chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu, na mtoto anaweza kufa. Kanuni inayotumika sana ni hii: chakula na maziwa ya ng'ombe viishie saa sita kabla, maziwa ya mama saa nne, maji matupu saa mbili. Hospitali ikikupa saa zake, fuata hizo. Na tuelewane: uji ni chakula hata ukiwa mwepesi. Togwa nayo ni chakula.

Tatizo ni huruma. Mtoto analia njaa alfajiri, bibi anampa uji, "vijiko viwili tu", halafu wanaogopa kusema wasije wakagombezwa. Sema! Mtoto atasogezwa mbele saa chache, au atarudi kesho. Hilo lina nafuu kuliko uji kwenye mapafu. Lakini pia usimshindishe njaa tangu jana jioni ukidhani unasaidia. Sukari ya mtoto mdogo hushuka upesi. Mwamshe anywe maji mpaka saa aliyoruhusiwa.

Je, akiwa peke yake mle ndani, nani anamwangalia? Wataalamu wako nje, wanamtazama kwa kamera: kifua kinapanda? Kinashuka? Mashine nyingine huonyesha mapigo ya moyo na hewa anayotoa. Kwenye kidole kuna kibanio chenye taa nyekundu. Mwanga hupita kwenye nyama, na kwa kuwa damu yenye oksijeni ya kutosha ina rangi tofauti na ile iliyopungukiwa, mashine husoma asilimia. Mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyegundua njia hiyo miaka ya 1970. Rangi ya kucha na hina huweza kuidanganya, kwa hiyo zitoe kabla. Vidole vya baridi navyo huisumbua, na mtu wa Mbeya anaijua baridi ya Julai! Mji wenyewe uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo hata mtu mzima wa afya anaweza kusoma chini kidogo kuliko akiwa Dar.

King'ora kikilia, mionzi huzimwa, mlango hufunguliwa, wanaingia mbio. Hawaogopi chochote, maana mashine ikizimwa mionzi imekwisha. Haibaki chumbani wala mwilini mwa mtoto. Wale wanaosema usimbebe mdogo wako akitoka, waulize wamelisoma wapi.

Watoto wakubwa kidogo, wa miaka sita au saba hivi, wengi huweza kutulia bila dawa wakifundishwa. Mchezo wa kuganda unafaa sana: "Ganda!" kisha mnahesabu hadi mia, kesho mia mbili.

Mdogo wako akitoka atalazwa ubavu mpaka azinduke. Kama alipewa ketamini, dawa inayotumika sana Afrika Mashariki, anaweza kutoa mate mengi, kukodoa macho bila kukutambua, au kusema maneno ya ajabu. Hajarogwa. Usimpige makofi mashavuni, usimwite kwa kelele. Kaa karibu kimya, mwite muuguzi ukiona anapumua vibaya au midomo inabadilika rangi. Muuguzi akiruhusu, aanze na maji kidogo. Yakikaa tumboni, mletee ule uji.