Kaunta, Stoo na Sanda: Kwa Nini Kompyuta Huweka Karibu Kinachoombwa Sana



Muhula uliopita, baada ya darasa la Kiarabu, wenzangu wawili walikuwa wakibishana kuhusu simu. Mmoja alifungua video ya mhadhara ambao karibu kila mtu kampasini alikuwa ameutazama wiki ile. Ikaanza papo hapo, picha safi. Mwingine alikuwa akitafuta kitabu kidogo cha mirathi, faili dogo kuliko video ile mara nyingi, na simu ikazunguka na kuzunguka mpaka akakata tamaa. Laini za kampuni moja, chini ya mwembe mmoja. Yule aliyekosa kitabu akasema intaneti inawapenda wenye kutazama kuliko wenye kusoma. Tulicheka, lakini swali likanibaki. Nilipompelekea rafiki yangu anayesoma kompyuta Chuo Kikuu cha Muni, alinijibu kwa sentensi moja: "Video iko karibu, kitabu kiko mbali."

Somo la leo ni maelezo ya sentensi hiyo. Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, si kompyuta, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelewa mimi, kwa kupitia duka la shangazi yangu.

Shangazi ana duka hapa Arua, na binti yake ana kibanda Koboko, kilomita hamsini na kitu kaskazini yetu. Mzigo wao mwingi unatoka Kampala, karibu kilomita 500. Juu ya kaunta, mahali mkono wake unapofika bila kuinuka kitini, kuna sukari iliyokwisha pimwa, chumvi, sabuni, majani ya chai na viberiti. Nyuma kuna stoo yenye mikeka, ndoo na masufuria makubwa ya harusi. Kisichokuwepo hata stoo huagizwa Kampala, na mteja anasubiri lori. Sukari unaipata kwa nusu dakika, sufuria kwa dakika tano, na kilichoagizwa kwa siku kadhaa. Hakuna aliyemfundisha kupanga hivyo. Amepanga kwa kuona watu wanaomba nini.

Na watu hawaombi vitu kwa usawa. Vitu vichache huombwa kutwa nzima, vingi huombwa mara moja moja. Sisi tunaosoma Kiarabu tunalijua hili hata bila duka: Qur'ani ina maneno zaidi ya elfu sabini na saba, lakini mwanafunzi anayeanza na mia chache zinazojirudia sana hujikuta anatambua sehemu kubwa ya ukurasa, na baada ya hapo kila neno jipya linamfaa mara chache kuliko lililotangulia. Mmarekani George Zipf aliyeandika juu ya idadi za maneno katika lugha ndiye aliyeupa mtindo huu jina lake. Maombi ya watu kwenye intaneti yanakaribiana na mtindo huo huo. Ndiyo maana kaunta ndogo inaweza kuhudumia wateja wengi.

Wataalamu wa kompyuta huiita kaunta hiyo kashe. Ni nakala ya kitu, iliyowekwa karibu na anayekitumia, ili asikifuate kwenye asili yake. Ndani ya simu yako kuna kashe. Kwenye kampuni ya simu kuna nyingine. Kampala kuna kituo ambapo mitandao ya nchi hii hukutana na kubadilishana data, UIXP, kilichoanza mwaka 2001. Kabla ya vituo vya namna hiyo, barua pepe kati ya ofisi mbili za mji mmoja zenye kampuni tofauti iliweza kupanda satelaiti, kwenda ng'ambo, kisha kurudi mtaa wa pili. Google na Netflix nao wana mipango ya kuweka mashine zao ndani ya mitandao ya makampuni ya nchi mbalimbali, zikiwa zimejazwa yale yanayotazamwa sana. Ile video ya mhadhara haikuvuka bahari siku ile. Kitabu cha mirathi kilikuwa kwenye seva moja mbali huko, na hakuna kaunta yoyote njiani iliyokuwa na sababu ya kukiweka.

Umbali wenyewe una gharama gani? Mwanga ndani ya nyuzi za kebo hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 kwa njia ya kebo inahitaji sehemu ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi. Ni kidogo, lakini ukurasa mmoja huenda na kurudi mara nyingi kabla haujakamilika, na njia ikiwa nyembamba au ina foleni, sekunde zinakuwa dakika. Tena njia hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Vilivyokuwa na nakala humu ndani viliumia kidogo kuliko vinavyofuatwa nje. Mwishoni mwa mwaka huo huo daraja la Karuma likafungwa kwa ukarabati, malori ya kuja huku yakazunguka njia nyingine, na shangazi akauza kutoka stoo wakati wenzake waliotegemea lori la kila wiki wakiwaambia wateja "kesho".

Mpaka hapa ni duka moja. Shida inakuwa kubwa zaidi data inapogawanywa kwa kompyuta nyingi, kila moja ikishika fungu lake, kama Arua ingeuza sukari pekee na Koboko chumvi pekee. Mfikirie mtu mmoja anayeshika sukari siku ambayo mji mzima unataka sukari: mwenzake wa chumvi amekaa bure, yeye anazidiwa. Sisi tunaijua siku hiyo. Ni usiku wa kungoja mwezi, baada ya magharibi tarehe 29 Shaabani, watu wote wanapofungua ukurasa ule ule kutazama kama kesho ni Ramadhani. Jambo hili liliwashughulisha watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani, ambao mwaka 1997 walichapisha njia ya kugawa nakala kwenye kashe nyingi ili seva moja isielemewe. Mwaka uliofuata, wawili kati yao, Tom Leighton na Daniel Lewin, wakaanzisha kampuni ya Akamai, ambayo hadi leo kazi yake ni kuweka nakala karibu na watu. Wazo la msingi ni jepesi: kitu kikianza kuombwa kupita kiasi, usikiache mahali pamoja, kinakilishe sehemu kadhaa na wagawe wateja.

Sasa kuna swali ambalo mimi nalipenda kuliko mengine. Kaunta ni ndogo. Kikija kitu kipya, kipi kiondoke?

Njia moja husema: kiondoke ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu kuliko vyote. Nyingine husema: kiondoke kilichoombwa mara chache kuliko vyote. Zinasikika kama kitu kimoja, lakini zipeleke dukani uone. Ramadhani nzima shangazi anauza tende kutwa. Ikiwa anafuata hesabu ya mara ngapi, tende zitakaa kaunta Shawwali yote na Dhulqaada, kwa sababu zina hesabu kubwa ya zamani, huku hakuna anayeziuliza. Akifuata njia ya kwanza, tende zitaondoka upesi, sawa. Lakini siku moja atakuja mnunuzi anayeandaa harusi, aombe kila kitu cha stoo kimoja kimoja, vyote vipande kaunta, na sukari isukumwe nje kwa ajili ya mtu ambaye hatarudi. Kwa hiyo mifumo mingi huchanganya: huhesabu, lakini huziacha hesabu za zamani zipungue nguvu kadiri siku zinavyopita. Mtafiti Laszlo Belady wa IBM alionyesha mwaka 1966 kwamba uamuzi bora kabisa ni kuondoa kile ambacho kitahitajika baadaye kuliko vyote. Ni kweli, ila unahitaji kujua yajayo, na hiyo si elimu ya mashine wala ya mwenye duka.

Lakini nenda kwa shangazi, uchungulie chini ya kaunta, upande wa kulia. Kuna jora la kitambaa cheupe limefungwa kwenye nailoni. Ni la sanda. Linaombwa mara chache sana kwa mwaka, na kwa hesabu yoyote kati ya hizo mbili lilipaswa kuwa stoo, au lisiwepo. Nilipomuuliza alinitazama kama mtoto. "Mwanangu, anayekuja kwa hiki hawezi kusubiri lori. Na mimi sitaki anisubiri nikitafuta gizani."

Nilipomsimulia rafiki yangu wa Muni, alisema hata kwenye kompyuta kuna vitu vinavyofungiwa kaunta makusudi, visitolewe na kanuni yoyote. Mashine huhesabu maombi, haijui uzito wake. Uzito ni lazima mtu auseme. Yule mwenzetu wa mirathi alikuwa amefiwa na babu yake, na wajomba walikuwa wamekaa nyumbani wakingoja jibu. Hilo halikuonekana popote kwenye hesabu ya watazamaji.

Nimeacha mwisho jambo ambalo mimi binafsi nililipia, au tuseme shangazi alilipa.

Nakala iliyo karibu inaweza kuwa ya zamani. Asili inabadilika, kaunta haijui. Mwaka jana shangazi aliniomba nimhesabie zaka ya biashara. Mwalimu wetu hutumia nisabu ya dhahabu, gramu 85 (wapo wanaotumia ya fedha, gramu 595, na hapo hesabu huwa nyingine kabisa, siingii humo leo). Nilihitaji bei ya gramu. Sikuwa na bando, lakini kwenye simu nilikuwa na picha ya skrini niliyoipiga zamani ili nisitumie data kila mara. Nikazidisha, nikalinganisha na mali yake, nikamwambia imefika, toa asilimia 2.5. Akatoa siku ile ile, na karo ya binti yake mdogo ikasogezwa mbele. Wiki mbili baadaye nikaiona bei ya kweli. Dhahabu ilikuwa imepanda sana miaka hii, na nisabu imepanda nayo. Kwa hesabu niliyojifunza mimi, mali yake haikufika.

Nilikwenda kumwambia, magoti yakiwa mazito. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nimempa Allah, simdai. Ni sadaka. Lakini usinihesabie tena kwa picha." Kwenye picha ile hapakuwa na tarehe. Kompyuta zilizopangwa vizuri huipa kila nakala muda wa kuisha: hii itumike siku moja, hii saa moja, hii dakika moja, kisha ulizia asili upya. Bei hupewa muda mfupi. Maandishi ya kitabu kilichochapwa yanaweza kupewa mwaka. Mimi niliipa bei muda wa kitabu.

Wanavyuoni wetu waliujua mtihani huu kabla ya umeme. Imam Shafii alifundisha Iraq, na wanafunzi kama Az-Zaafarani wakayabeba yale aliyosema huko. Kisha akahamia Misri karibu na mwaka 199 Hijria, akayapitia masuala mengi upya, na kwa baadhi akabadilisha kauli. Al-Buwayti, Al-Muzani na Ar-Rabii wakayapokea mapya. Akafariki 204 Hijria. Fikiria mtu wa Baghdad wakati ule: kauli anayoijua iko karibu, imehifadhiwa vizuri, imetoka kwa Imam mwenyewe bila shaka yoyote, na huenda Imam mwenyewe ameshaiacha. Isnadi ilikuwa sahihi, tatizo lilikuwa wakati. Ndiyo sababu vitabu vya madhehebu vinaposema kauli ya kale na kauli mpya havitupambii historia. Vinaweka tarehe juu ya nakala. Kauli mpya hufuatwa, isipokuwa masuala machache yanayohesabika ambayo wanavyuoni waliyatolea sababu.

Muhula huu jumuiya yetu imepewa kompyuta moja ya zamani, na tumeweka humo Al-Maktaba Ash-Shamila, ile programu ya maelfu ya vitabu vya Kiarabu inayofanya kazi bila intaneti. Tulikaa jioni tatu kuchagua vitabu vya kuweka pia kwenye kadi ndogo za simu, kwa kuwa kadi hazina nafasi. Tafsiri na hadithi zinazotumika darasani zilipita bila mabishano. Kitabu cha mirathi na cha janaza viliwekwa ingawa daftari la maktaba linaonyesha vinaazimwa kwa nadra. Mtu akapendekeza tuweke jedwali la nisabu kwa shilingi ili tusihangaike. Nikakataa peke yangu, wakauliza kwa nini, nikawasimulia. Mahali pa jedwali tumeandika gramu tu, 85 na 595, na chini yake: bei uliza siku unayohesabu.

Shangazi naye amebandika karatasi juu ya droo ya pesa. Kila Ijumaa kabla ya swala binti yake wa Koboko humpigia simu kumpa bei za mpakani, naye anaziandika kwa kalamu, tarehe kwanza, halafu bei.