Senene na Nafasi Yake katika Uainishaji wa Wadudu

Katika Mkoa wa Kagera, na pia Uganda ambako huitwa nsenene, senene ni chakula cha heshima. Huruka kwa makundi makubwa katika majira ya mvua, hasa miezi ya Novemba na Desemba, na hukusanywa usiku penye taa. Hata hivyo, wako wanaomdhania kuwa ni nzige. Dhana hiyo si sahihi, na yaweza kuleta madhara.

Senene na nzige wote wamo katika oda ya Orthoptera, lakini familia zao ni mbali. Nzige wa jangwani ni wa familia ya Acrididae: vipapasio vyake ni vifupi, na masikio yake yamo ubavuni, mwanzoni mwa tumbo. Senene ni wa familia ya Tettigoniidae: vipapasio vyake ni virefu na vyembamba kama uzi, na masikio yake yamo katika miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Nzige hutaga mayai udongoni. Senene jike ana kiungo kirefu mfano wa upanga, ambacho kwacho huyapachika mayai kati ya bua la nyasi na jani linalolizunguka. Rangi si alama ya kutegemewa, kwani senene wa kijani na wa kahawia ni wa spishi moja.

Jina la kisayansi nalo limebadilika. Mwaka 1838 Serville alimweleza senene kwa jina la Conocephalus differens. Baadaye aliwekwa katika jenasi ya Homorocoryphus, na mara nyingi akachanganywa na spishi ya Ulaya iitwayo nitidula. Leo huitwa Ruspolia differens. Jenasi ya Ruspolia iliundwa na Schulthess mwaka 1898, na Bailey alizipitia upya spishi zake za Afrika mwaka 1975. Imeenea Afrika, kusini mwa Ulaya na Asia. Senene mwenyewe huishi katika mbuga za nyasi za Afrika ya kitropiki.

Basi uainishaji si mchezo wa majina. Atafutaye habari za ufugaji wa senene hana budi kuyajua majina yake ya zamani, asije akayakosa maandishi ya awali au akafuata ya mdudu mwingine. Na mkulima amdhaniaye senene kuwa nzige aweza kumnyunyizia sumu mdudu ambaye jioni hiyo hiyo ataliwa na jirani yake.