Wito wa Nyumba na Wito wa Chuo

Somo kwa wazazi, wainjilisti na wasichana waliokwisha kupata Kipaimara

Tusome kwanza: Mithali 31:10–31, Luka 10:38–42, Luka 14:28–30.



Kilosa yapita reli, na Mikumi yapita barabara kuu iendayo Iringa hata Zambia. Kwa njia hizo mbili vijana wetu hutoka kwenda kutafuta elimu. Wala si lazima waende mbali: Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, pana vyuo vya ualimu na vya kilimo, Mikumi pana chuo cha ufundi stadi cha VETA, Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984.

Basi tumfikiri msichana Mkristo aliyemaliza shule, akafaulu, na njia ya chuo i wazi mbele yake. Naye asema, “Mimi nataka kuolewa na kutunza nyumba yangu.” Tumjibu nini? Wako watakaomcheka, wakisema ameitupa elimu yake. Wako na watakaoshangilia, wakisema kwamba ndivyo impasavyo kila mwanamke. Hawa na hawa wamejibu upesi mno. Kabla ya kuuliza, “Amechagua nini?” yatupasa kuuliza, “Ni nani aliyechagua?” Tena tuulize, “Je, alijua anachochagua?” Hayo ndiyo mambo ya somo letu.

1. Kazi ya nyumba ni kazi mbele ya Mungu

Zamani za Luther watu wengi walidhani ya kuwa maisha matakatifu ni ya mtawa tu, na ya kuwa mama apikaye na kulea watoto yu chini yake. Luther alikataa neno hilo. Katika kitabu chake juu ya maisha ya ndoa, cha mwaka 1522, alifundisha kwamba kazi ndogo za nyumbani, hata zile za kuchukiza, humpendeza Mungu zikifanywa kwa imani. Akamtaja hata baba afuaye nepi za mtoto wake: watu watamcheka, lakini Mungu amfurahia. Angalieni, hakusema kwamba kazi hizo ni za mama peke yake.

Tena mwaka 1529 alipotoa Katekisimo Ndogo, aliiandika ili mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Kwake nyumba ilikuwa shule, tena ya kwanza. Timotheo naye alipokea imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5).

Kwa hiyo msichana achaguaye nyumba asidharauliwe. Mama achotaye maji alfajiri, alimaye mpunga bondeni, auguzaye wazee na kuwafundisha watoto kusali, hakukaa bure. Mtu asiseme juu yake, “Huyu hana kazi.”

2. Mwenye kutunza nyumba hahitaji elimu kidogo

Lakini wako wasemao, “Ikiwa ataolewa, shule ya nini?” Hilo nalo si neno la Matengenezo ya Kanisa. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani waweke shule za wavulana na za wasichana. Sababu moja aliyotoa ni kwamba nchi yahitaji wanawake wawezao kuongoza vema nyumba zao na kulea watoto. Yeye hakuona nyumba kuwa sababu ya kumnyima msichana elimu. Aliona kuwa ni sababu ya kumpa.

Mke wake, Katharina von Bora, aliyeolewa mwaka 1525, ni mfano mwema. Alilelewa katika nyumba za watawa, akajua kusoma na kuandika. Nyumba yake huko Wittenberg ilikuwa kubwa, yenye watoto, yatima wa jamaa, wanafunzi na wageni wengi. Yeye alisimamia fedha, bustani, mifugo na utengenezaji wa pombe ya nyumbani, hata na shamba la Zülsdorf. Hakuwa mtu wa jikoni tu. Alikuwa msimamizi wa mali. Ndivyo alivyo na yule mwanamke wa Mithali 31: huangalia shamba akalinunua, hufanya biashara, na kinywa chake hunena kwa hekima.

Tena tukumbuke nyumba ya Bethania. Mariamu aliketi miguuni pa Bwana apate kujifunza, na Bwana hakumfukuza aende jikoni. Mwanamke mwenye kujifunza hakuiacha sehemu yake.

3. Uchaguzi uwe wake kweli

Kwa Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wa nchi ya Kilosa, desturi ya asili ilikuwa kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno kubwa katika ndoa ya binti. Shauri la wazee ni jambo jema, na msichana Mkristo hawadharau wazazi wake wala wajomba zake. Lakini kushauriwa ni mbali na kuamriwa. Pengine hutokea kwamba ada ya chuo ni ngumu, au mahari yatamaniwa, kisha watu wa nyumbani husema, “Binti mwenyewe amechagua,” naye hakuulizwa. Kuufunika uhitaji wetu kwa jina la wito wa Mungu ni kulitaja bure jina lake.

Sheria za nchi nazo zatufundisha hapa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, hali mvulana alitakiwa kufikia miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, hata amwoaye mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari aweza kufungwa miaka 30. Basi mtoto aliye shuleni hana uchaguzi wa namna hii. Neno letu lamhusu yule aliyemaliza shule, aliye mtu mzima, tena awezaye kusema “sivyo” bila kuogopa.

Mwinjilisti apelekewapo habari ya ndoa, kabla ya kuitangaza kanisani, na aongee na binti faraghani, pamoja na mama mmoja mwaminifu wa usharika. Amwulize, “Kama ada ya chuo ingalikuwapo leo mezani, ungalichagua nini?” Akijibu kwa furaha kwamba angaliichagua nyumba vivyo hivyo, tumshukuru Mungu. Akinyamaza, au akilia, tangazo na lingoje.

4. Ahesabu gharama

Bwana wetu asema habari za mtu atakaye kujenga mnara, ya kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Kujenga nyumba ya ndoa ni zaidi ya mnara. Huyo Katharina alipofiwa na mumewe mwaka 1546, taabu zilimjia. Luther alikuwa amemwachia mali kwa wasia wa mwaka 1542, lakini wasia haukufuata taratibu za wanasheria, mabishano yakatokea. Kisha vita vikaharibu mashamba yake. Alikufa Torgau mwaka 1552, katika uhaba. Upendo wa mume ulikuwa mkubwa, lakini upendo peke yake haukumtosha mjane.

Kwa hiyo binti achaguaye nyumba na ajue haki zake. Ndoa na iandikishwe, cheti kikae mahali salama. Sheria ya Ndoa yamwagiza mume kumtunza mke wake, tena yakataza mmoja wao kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Tena liko shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali. Mahakama ilisema kwamba kazi za mke nyumbani zahesabiwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa mambo mengine yaliyokuwamo katika shauri lake. Lakini neno lile liliwafaa wanawake wengi baada yake. Kazi ambayo Kanisa lilikuwa likiihubiri kuwa ni kazi, mahakama nayo iliitambua kuwa ni kazi.

Mchumba naye ahesabu gharama. Je, atamwambia mke wake kiasi cha fedha apatazo? Je, atalishika jembe, na mtoto je, akilia usiku atamchukua? Asiyeweza kujibu hayo hajawa tayari kupokea zawadi kubwa namna hiyo.

5. Mlango usifungwe

Achaguaye nyumba leo hakuweka nadhiri ya kutosoma tena. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa nchini tangu mwaka 1975, hupokea watu wazima. Na Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya uzazi waweza kurudi. Mume mwenye hekima hufurahi mkewe azidipo kujua.

Wala msichana aendaye chuoni asiambiwe kwamba ameikimbia nyumba. Prisila alifanya kazi ya kushona hema pamoja na mumewe Akila, wakamkaribisha Apolo kwao, wakamfundisha njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18). Katika nyumba moja palikuwa na kazi ya mikono, ukarimu na elimu.

Basi, wapendwa, tusipime mabinti zetu kwa kipimo kimoja. Tuwape kwanza shule, kisha kweli yote, kisha uhuru. Ndipo atakayechagua chuo atakwenda kwa amani, na atakayechagua nyumba atajenga bila aibu.

Maswali ya kuzungumzwa katika jumuiya

1. Katika usharika wetu, ni nani amwulizaye binti kabla ya ndoa kutangazwa?
2. Ni kazi zipi za nyumbani ambazo baba na wana waweza kuzichukua tangu juma hili?
3. Je, yuko binti kwetu aliyeacha masomo kwa sababu ya ada tu? Tumsaidieje?