Bei ya Ushauri wa Lishe Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Bei ya kidonge ni rahisi kuikokotoa, kwa kuwa kidonge hununuliwa na kuhesabiwa. Bei ya ushauri ni ngumu zaidi. Mtaalamu wa lishe hampi mgonjwa kitu cha kushika mkononi, humpa maarifa. Je, maarifa hayo yatozwe kiasi gani, na yatozwe wakati gani? Swali hili limekuwa la maana nchini Tanzania tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipoanza mwaka 2022 kuwatibu watu wenye unene wa kupindukia kwa puto linalowekwa tumboni, na baadaye kwa upasuaji wa kupunguza tumbo.

Mwili baada ya upasuaji

Katika aina moja ya upasuaji huo, robo tatu au zaidi ya tumbo huondolewa. Tumbo lililoweza kupokea lita moja hubaki kama bomba jembamba lenye ujazo wa mililita 150 hivi. Mgonjwa hushiba upesi, na uzito hupungua. Lakini chakula kikipungua, vitamini na madini hupungua pia. Isitoshe, kuta za tumbo hutoa asidi na protini maalumu inayoiwezesha vitamini B12 kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Tumbo likipunguzwa, kazi hiyo hudhoofika.

Hatari huja kwa nyakati mbili. Akiba ya vitamini B1 mwilini hutosha majuma machache tu. Mgonjwa anayetapika mfululizo aweza kudhurika neva na ubongo katika miezi ya mwanzo. Akiba ya vitamini B12 iliyomo katika ini, kinyume chake, yaweza kutosha miaka kadhaa. Mtu hujiona mzima huku akiba ikiisha, hadi ganzi ya miguu au upungufu wa damu ujitokeze. Ndiyo sababu mgonjwa hutakiwa kumwona mtaalamu wa lishe kabla ya upasuaji, mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka maishani mwake.

Hesabu ya ada

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Chumba cha lishe hugharimu shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani mshahara, vifaa na umeme. Wagonjwa 60 wakihudhuria, kila hudhurio hugharimu shilingi 20,000. Wakihudhuria 30 tu, gharama huwa shilingi 40,000. Hospitali ikipandisha ada ili kuziba pengo, wengine wataacha kuja, na gharama ya hudhurio itapanda tena.

Sasa afikiriwe mkazi wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula vikifika shilingi 200,000, hudhurio moja humgharimu shilingi 220,000. Ada ni sehemu moja tu katika kumi na moja. Hata ikifutwa yote, mzigo wake haupungui sana. Na siku za kazi zilizopotea hazijahesabiwa.

Njia mbili za kurekebisha

Kwanza, mahudhurio ya lazima yajumuishwe katika bei ya upasuaji. Mahudhurio manane kwa ada ya shilingi 20,000 ni shilingi 160,000. Aliyekwisha kulipa hatakaa nyumbani kwa kuogopa ada. Ni kweli kwamba bei ya kuanzia itapanda, na hospitali iliyokwisha kupokea fedha yaweza kulegea. Kwa hiyo idadi ya mahudhurio haina budi kuandikwa katika makubaliano, na mgonjwa apewe kadi yenye tarehe zake.

Pili, hudhurio lisogezwe karibu na mgonjwa. Mpanda ina hospitali ya rufaa ya mkoa, na halmashauri zina maafisa lishe. Afisa aliye Katavi anajua kilichoko sokoni: maharage, mayai, na dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika. Ataweza kumweleza mgonjwa kwamba vyakula hivi vya protini vitangulie, ugali ufuate, kwa kuwa nafasi tumboni ni ndogo.

Hata hivyo, kazi hiyo nayo ina gharama. Kwa mkataba wa lishe wa mwaka 2017, halmashauri zilitakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, ili kupambana na udumavu na utapiamlo. Si haki fedha za watoto zibebe matunzo ya mtu mzima aliyepasuliwa. Sehemu ya malipo yaliyopokewa Dar es Salaam yapaswa kumfuata mgonjwa hadi Mpanda. Ada iliyopangwa vyema hulinda pande zote mbili: mgonjwa hakosi ushauri, wala mtoto hapokonywi fungu lake.

Maswali

1. Eleza kwa nini upungufu wa vitamini B12 huchelewa kuonekana kuliko ule wa B1.
2. Wagonjwa wakiwa 40 kwa mwezi katika mfano uliotolewa, hudhurio moja litagharimu kiasi gani?
3. Mgonjwa wa Mpanda akihudhuria mara 6 kati ya 8 karibu na nyumbani, ataokoa kiasi gani cha gharama za safari?