Ukipewa Kesi ya Kunyongwa Lamu

Septemba 2011 watu wenye bunduki walivamia hoteli ya Kiwayu Safari Village, upande wa bara unaoelekeana na kisiwa cha Kiwayu. Walimuua Mwingereza David Tebbutt, wakamteka mkewe Judith na kumvusha hadi Somalia, ambako alizuiliwa mpaka Machi 2012. Muda mfupi baada ya uvamizi, polisi walimkamata Ali Babitu Kololo, Mwaboni aliyewahi kufanya kazi katika hoteli hiyo. Mwaka 2013 mahakama ya Lamu ilimhukumu kunyongwa. Sehemu kubwa ya kesi hakuwa na wakili, na miongoni mwa mashahidi waliosimama dhidi yake alikuwamo afisa wa polisi aliyetoka London kuzungumzia alama za viatu. Judith Tebbutt mwenyewe, aliyefiwa na mume usiku ule, baadaye alijitokeza kudai haki ya Kololo. Mahakama Kuu ya Malindi ilifuta hukumu hiyo mwaka 2023. Yapata miaka 11 ya maisha yake ilikuwa imekwisha.

Wewe wakili kijana unayefikiria kuchukua kesi nzito katika visiwa hivi, ianze kazi yako kwa kuisoma kesi hiyo. Mambo yaliyomponza Kololo yangeweza kuhojiwa na wakili yeyote mwenye bidii, hata asiye na jina kubwa, mradi awepo mapema na awe amefika mahali penyewe. Kesi nzito hapa hupotea kituoni, kabla hazijafika kizimbani.

Basi tuanze na kituo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mwisho wa siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zitaisha nje ya muda wa korti. Mtu anaweza kukamatwa Faza au Kizingitini ilhali mahakama iko Amu, yaani mji wa Lamu, na katikati kuna bahari ambayo vyombo hungoja maji yajae ili kuivuka. Polisi wataeleza ucheleweshaji kwa shida ya usafiri. Huenda wanasema kweli, lakini wewe andika saa ya kukamatwa, saa ya kuingizwa katika kitabu cha matukio cha kituo (OB), na saa ya kila chombo kilichoondoka siku hiyo. Usiseme utaandika baadaye. Familia ikikupigia simu, waulize kwanza yuko kituo gani na nani aliyemwona akichukuliwa. Kisha waambie wazi, kwa upole, wasiende kumsihi mtuhumiwa "aseme tu ukweli aachiliwe". Mama mwenye uchungu anaweza kumtia mwanawe kitanzi kwa nia njema kabisa.

Ungamo lina masharti makali, na inafaa uyajue kwa moyo. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inakubali ungamo lililotolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo cha inspekta kwenda juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pakiwepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe. Ukifika kituoni, uliza nani alikuwepo. Mtazame mteja wako mwili wake. Ukiona jeraha, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, na umwambie hakimu mara ya kwanza mteja anapotokea mbele yake, ili maneno yako yaingie katika kumbukumbu za korti. Jeraha lililotajwa mwezi wa sita wa kesi hakuna anayeliamini.

Halafu lugha. Watu wa nje hudhani Lamu wote husema Kiswahili kimoja. Wewe unajua kuna Kiamu, Kipate na Kibajuni, na bara kuna Waboni, Waorma, Wasomali na Wapokomo ambao Kiswahili kwao ni lugha ya sokoni. Mtu anayeweza kununua unga kwa Kiswahili hawezi kwa sababu hiyo kufuata ushahidi wa daktari aliyefanya upasuaji wa maiti. Katiba inampa mkalimani bila malipo. Mwulize mteja lugha anayoota nayo, kisha umwombe hakimu mkalimani wa lugha hiyo siku ya kwanza, kabla ya kujibu mashtaka. Mkalimani akikosekana, omba kesi iahirishwe, hata kama korti nzima imechoka na kila mtu anakutazama kwa hasira.

Dhamana nayo isikutishe kwa sababu shtaka ni la mauaji. Kosa lolote lina dhamana, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito za kuinyima. Tatizo la Lamu ni mdhamini, kwa kuwa familia nyingi zina mashamba na nyumba walizorithi bila hatimiliki. Tayarisha mapema watu wa kusimama, chifu na mzee wa mtaa wanaomfahamu mteja, na uhakikishe afisa wa probesheni anafika nyumbani kwao kabla ya kuandika ripoti yake. Nyumba isiyo na hatimiliki ni nyumba vilevile, na mtu mwenye mke, wazee na chombo hapa hana pa kukimbilia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: nenda mahali pa tukio, na uende kwa saa ile ile.

Chukua kesi ya utambuzi wa usiku. Shahidi anasema alimtambua mshtakiwa kwa mbaramwezi. Katika mji ambao kila mtu anajua leo ni mwezi ngapi wa Kiislamu, wakili hana udhuru wa kutofungua kalenda. Usiku wa tarehe 4 mwezi huzama mapema, na usiku wa tarehe 27 hauchomozi mpaka alfajiri inakaribia. Huko Illinois mwaka 1858, Abraham Lincoln, kabla hajawa rais wa Marekani, alimtetea kijana aliyeitwa Duff Armstrong katika kesi ya mauaji. Shahidi mkuu alisema aliona yote kwa mwanga wa mwezi uliokuwa juu. Lincoln alitoa almanaki mahakamani na kuonyesha kwamba saa hiyo mwezi ulikuwa chini, karibu kuzama. Kijana aliachiliwa. Na sheria yetu inakuunga mkono: katika kesi ya Abdalla bin Wendo, mwaka 1953, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyetambua katika mazingira magumu upimwe kwa uangalifu mkubwa mno. Uamuzi huo bado unatajwa mara kwa mara katika korti za Kenya. Lakini uamuzi haukusaidii kama hujui mazingira yalikuwa vipi. Simama pale aliposimama shahidi. Pima umbali kwa hatua, tazama kuta za kichochoro, uliza taa ya mtaa ilikuwa ikiwaka au imeungua.

Maji pia ni shahidi. Mpelelezi akisema washukiwa walipita mlango wa Mkanda kwa mashua saa fulani, chukua jedwali la maji linalochapishwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya uone kama palipitika. Bamvua na maji mafu hayafanani. Akisema nyayo zilipatikana ufuoni asubuhi, uliza zilikuwa juu au chini ya mstari wa maji kujaa, na maji yalijaa saa ngapi usiku huo. Mwite nahodha mzee atoe ushahidi ikibidi. Hakimu aliyehamishwa kutoka Nyeri au Kisii atahitaji kuelezwa, na nahodha ataeleza vizuri kuliko wewe.

Ukishajua mahali, ndipo usome karatasi. Dai maelezo ya mashahidi wote na orodha ya vielelezo kabla kesi haijaanza kusikilizwa, ni haki ya kikatiba. Linganisha maelezo na taarifa ya kwanza iliyoandikwa katika OB. Shahidi aliyetaja jina mahakamani miezi minane baadaye, ilhali siku ya kwanza alisema "watu nisiowajua", amekupa kesi yako. Kwa kila kielelezo uliza nani alikiokota, wapi, nani alishuhudia, kilifungwa katika nini, kililala wapi, nani alikipeleka maabara. Viatu, simu, panga, nguo yenye damu, vyote vina safari, na safari hiyo lazima iwe na maandishi kila kituo. Mtaalamu akitoka mbali, hata akitoka London, muulize alichokiona kwa macho yake na alicholetewa na wengine.

Maswali yako yawe mafupi. Usimgombeze shahidi, hasa mwanamke mzee aliyefiwa. Korti itamhurumia yeye na kukuchukia wewe, na mji wote utakuwa umesikia kabla ya sala ya alasiri.

Hapo ndipo ugumu wa Lamu ulipo. Mnajuana. Marehemu huenda ni binamu wa mkeo, na kama ni hivyo ikatae kesi siku ya kwanza. Ukiichukua, usiende matangani kutafuta mashahidi. Ngoja hitima ipite. Nyumba ya shahidi mwanamke nenda na mwenzako mwanamke, mkamwone kwanza mkubwa wa nyumba. Wazee wakikuita kuzungumza suluhu, wasikilize kwa heshima, ila waeleze kwamba kesi ya mauaji ni ya Jamhuri na haimalizwi barazani, na kwamba mahakama ya kadhi huamua ndoa, talaka na mirathi. Utaitwa mtetezi wa wauaji. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambayo yaliua watu zaidi ya 60, hasira na hofu vilikuwa vikubwa katika kaunti nzima, na katika hali kama hiyo ndipo mtu asiyehusika hukamatwa kwa urahisi na hukosa wa kumsemea. Kisiwa cha Manda kinajua habari hizo. Wakati wa Mau Mau wakoloni waliweka watu kizuizini Takwa bila kuwashtaki, mwandishi Gakaara wa Wanjau akiwa mmoja wao. Hawakupewa siku ya kujibu.

Kuhusu njia ya kufika katika kazi hii sina mengi: shahada ya sheria, Kenya School of Law pamoja na mafunzo chini ya wakili mzoefu, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu, na cheti cha kazi kila mwaka. Kinachobaki hufundishwa na kesi. Keti nyuma ya korti ya Amu usikilize siku ambazo huna kazi. Zoea pia kusafiri: gereza liko Hindi, bara, na kwa miaka mingi kesi ya mauaji ya mtu wa Lamu imemaanisha kwenda Garsen au Malindi, kwa sababu ni Mahakama Kuu pekee inayoisikiliza.

Adhabu iandalie mapema hata kama unaamini utashinda. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu ya kifo bado hutolewa. Katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilisema hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka Katiba. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo unahusu mauaji tu. Mshtakiwa wa wizi wa mabavu hajafikiwa nao. Ukishindwa, una siku 14 za kukata rufaa. Andika notisi kabla hujapanda mashua.

Na huyo wa wizi wa mabavu ndiye anayeniuma zaidi. Mshtakiwa wa mauaji huteuliwa wakili na Mahakama Kuu kwa gharama ya serikali. Yeye wa mabavu, anayekabiliwa na kifo vilevile, husikilizwa na hakimu na mara nyingi husimama peke yake, kama alivyosimama Kololo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ipo, na Katiba inataka apewe wakili pale ambapo bila hivyo haki itapotea. Mwombee. Jiandikishe kwa naibu msajili wa Mahakama Kuu upokee kesi za wasiojiweza, malipo yake ni madogo na huchelewa, kisha kila mwaka chukua angalau moja ya mtu aliyeko mbele ya hakimu wa Lamu au Mpeketoni bila mtetezi.