Somo la Gari: Oili ya Injini ya Dizeli Iliyozeeka



Somo letu safari hii si la mkarafuu, bali ni la gari ibebayo karafuu. Wengi wetu hapa Pemba tunatumia gari za dizeli zenye umri mkubwa: Land Rover ya zamani, lori la Bedford, au pikapu ya Toyota iliyokwisha kupita mikono mitatu minne. Gari hizi hulala miezi mingi, kisha msimu ukiingia huamshwa kwa ghafula zipande vilima na magunia. Nyingi huharibikia hapo, wakati ambapo hasara yake ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Tunamjua mwenzetu mmoja ambaye injini ya lori lake ilianza kugonga na kutoa moshi wa buluu. Akaambiwa na marafiki atie oili nzito kuliko zote zilizoko dukani. Alifanya hivyo, kelele zikapungua, akafurahi. Siku moja katikati ya mavuno, mlimani, taa ya oili ikawaka. Alidhani ni waya tu, akaendelea na safari. Hakufika mbali, beringi ziliungua na injini ikakaza. Magunia yalilala njiani, mvua ikanyesha, karafuu zikalowa zikashuka daraja. Akalipa gari ya kukodi, kisha akalipa injini. Hatulisemi hili kwa kumcheka, kwani wengi wetu tungalifanya kama yeye. Twalisema ili tujue kosa lilikuwa wapi.

Kazi ya oili

Watu husema oili ni ya kulainisha tu. La, kazi zake ni zaidi. Huzuia chuma kisisagane na chuma, huchukua joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, huziba nafasi ndogo kati ya ringi na silinda, huosha masizi, na huua asidi inayotokana na salfa iliyomo katika dizeli inapoungua. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Huubana upepo mpaka ukawa moto wa kuwasha mafuta wenyewe, na katika injini za kale upepo hubanwa kiasi cha mara 16 hadi 22. Kwa hiyo beringi zake hubeba mzigo mkubwa, na masizi yake ni mengi.

Ndiyo sababu oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Msiogope weusi huo. Ni ishara kuwa oili inayabeba masizi badala ya kuyaacha yagande ndani. Basi rangi peke yake haitoshi kuhukumu oili. Hesabuni kilomita na miezi.

Kusoma kopo

Kwenye kopo kuna mambo mawili ya kusoma. La kwanza ni herufi za daraja zilizowekwa na taasisi ya mafuta ya Marekani iitwayo API. Herufi S ni ya injini za petroli, na herufi C ni ya injini za dizeli. Kopo lenye S peke yake liacheni dukani. Herufi inayofuata C huonyesha daraja: CD ni ya injini za tangu mwaka 1955, CF ilitoka mwaka 1994, na CI-4 mwaka 2002. Kwa kawaida daraja jipya la C hufaa kwa injini ya kale, na CI-4 ni chaguo zuri kwa gari zetu. Lakini kopo lililoandikwa FA-4 msilichukue. Hiyo ni oili nyepesi iliyotengenezwa kwa injini za kisasa.

La pili ni namba za uzito, mathalani 15W-40. Namba iliyo kabla ya W yaeleza jinsi oili inavyotembea penye baridi, na namba ya mwisho yaeleza uzito wake injini ikiwa moto. Kwetu hakuna baridi kali, kwa hiyo 15W-40 yatosha kwa injini nyingi za dizeli, na 20W-50 yaweza kutumiwa katika injini iliyochakaa kidogo ikiwa kitabu cha gari chairuhusu. Msipite hapo. Oili nzito mno huchelewa kufika kwenye beringi asubuhi injini inapowashwa, na huko ndiko kuchakaa kwingi hutokea. Oili nzito yaweza kunyamazisha mgongano, lakini haiponyi beringi iliyolika. Hilo ndilo kosa la mwenzetu yule: alimnyamazisha mgonjwa, akadhani amepona.

Kupima

Pimeni kila asubuhi ya kazi. Gari isimame mahali tambarare, injini iwe imezimwa angalau dakika kumi. Chomoeni kijiti, kipanguseni, kirudisheni, kisha kisomeni. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi alama ya juu ni hatari vile vile, kwa kuwa huchapwa ikatoa povu, na povu haliwezi kulinda chuma.

Kijiti husema mengine pia. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na huenda gasketi ya kichwa imekufa. Oili ikiongezeka bila kutiwa, na ikanuka dizeli, mafuta yanavuja ndani kutoka pampu au nozeli. Katika hali hizo mbili gari isitembee mpaka fundi aitazame. Na taa ya oili ikiwaka, zimeni injini pale pale, hata kama mko mlimani na mzigo.

Kubadilisha

Kitabu cha gari ndicho chenye amri. Kikiwa kimepotea, shauri letu ni kwamba gari ya dizeli ya kale isipite kilomita 5,000 kwa oili moja. Na ikifanya kazi ya mizigo katika vumbi, kilomita 2,500. Mwageni oili ikiwa bado ya moto, ili itoke na taka zake. Filta ibadilishwe kila mara, kwani filta ya zamani hurudisha uchafu katika oili mpya. Ukinunua gari usiyoijua ilivyotunzwa, badilisha oili na filta mara moja, kisha tena baada ya kilomita 1,000, maana oili mpya huosha uchafu uliokuwa umeganda.

Sasa twafika kwenye neno ambalo tungependa mlikumbuke kuliko yote. Wengi wetu hubadilisha oili msimu unapokaribia, na hilo ni jema. Lakini msimu ukiisha huiegesha gari na oili ile ile iliyochoka. Asidi na unyevu hukaa juu ya beringi miezi mingi, vikila chuma kimya kimya. Basi mwageni oili baada ya gunia la mwisho kufikishwa kituoni, gari ilale na oili safi. Kama gari haiendi mbali, hata hivyo ibadilishwe walau mara moja kwa mwaka.

Oili chakavu

Msiimwage shambani wala karibu na kisima, na msiizoee mikononi, kwani ina sumu ya kudhuru ngozi. Irudisheni katika dumu lenye kifuniko na kuipeleka kwa fundi anayeikusanya. Dumu hilo lisikae kabisa ghalani penye karafuu wala kwenye gari pamoja na magunia. Karafuu huvuta harufu, na mnunuzi ana pua.

Gharama ya makopo machache ya oili na filta moja ni ndogo mbele ya injini nzima na mzigo uliolowa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya msimu ujao, kila mwenye gari na ajiulize maswali matatu: Kopo langu lina herufi C? Oili hii imetembea kilomita ngapi? Na gari yangu ililala na oili gani msimu uliopita? Asiyeweza kujibu la tatu, aanze kazi kesho asubuhi.